Ukutani Hawaiti Mteso

Kibera, nyuma ya Toi
Jumapili, 9 Februari 2025

Mama Mbithi mpenzi,

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu iliingia kwa beseni la nguo za mtu, ikafuliwa pamoja na mapazia, na sasa imelala ndani ya mchele kama mgonjwa. Fundi amesema nisiomboleze haraka. Basi nimemwomba Wabwire, yule wa viatu vya watoto, akuletee hii. Asubuhi ananunua hapa soko la Toi, jioni anauza huko kwenu Kawangware 46, kwa hivyo hata hazunguki. Amecheka sana. "Sasa nimekuwa posta. Nitafutieni kofia."

Tangu uhamie Kawangware, ukuta umekuwa mrefu. Nasema kweli. Tulipokuwa tunakaa wawili, watoto wetu wamelala kwa leso moja, tukingoja mtu atuite kufua, ulikuwa tu ukuta wa nyumba za watu wenye pesa. Sasa nikikaa peke yangu naona unaenda, unaenda, mpaka huko mbele unaingia mawinguni.

Mambo ni yale yale. Wenu wa Ukambani wako geti la kwanza, kwa sababu mlinzi ni Muia, na Muia akiambiwa tafuta mama wa kufua anaita wa kwao. Geti la pili mlinzi ni wa Bungoma, akina mama wa Magharibi wamejaa pale na vigoda vyao. Wakisii wana kona yao, wanacheka kushinda wote. Ni Kenya nzima imekaa chini kwa mstari, inangoja nguo chafu. Mimi nakaa pale ukuta unapoishia.

Gari linasimama, kioo kinashuka. "Nataka Mkamba, hao ni waaminifu." Lingine, "Nipatie Mluhya, wa kupika." Kamene, hakuna siku gari limesimama mtu akasema, "Nataka Mteso." Na hata wakisema, sijui watakuwa wanataka afanye nini. Sisi hakuna kazi tumesifiwa nayo. Juzi mama mmoja aliniuliza, "Wateso ni wa wapi? Ni watu wa mateso?" Wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikamnyonyesha Akisa.

Jana niliota ukuta umefunguka pale ninapoegemea. Ulifunguka polepole, kama mkate laini ukimegwa. Ndani kulikuwa na jiko kubwa na mvuke mweupe, na mtu nisiyemwona ananiita jina langu la nyumbani, vile mama alikuwa ananiita kutoka shambani Angurai, akivuta mwisho wake. Nikataka kuitika, Akisa akanivuta sikio.

Niambie kuhusu hivyo vyondo mnavyosuka huko. Niambie vile sisal inanuka ikiwa mbichi. Nataka kufikiria uko mahali pazuri.

Wako wa mwisho wa ukuta,
Amoit, Mama Akisa


Kawangware 46
Jumatano, 12 Februari 2025

Mama Akisa wangu,

Niaje? Posta yako ilifika jioni, imevaa ndala. Mbithi alijaribu kula bahasha.

Usikimbilie simu mpya. Kwa simu ungeniandikia "niko poa" halafu basi. Hii nimeisoma mara nne, mara ya mwisho nikaisoma kwa sauti, Baba Mbithi akasema, "Huyo rafiki yako anaota vizuri kushinda mimi."

Huku ni sawa. Kikundi chetu cha kusuka kiko hapa karibu, Kabiro, chumba kimoja cha mabati, akina mama wa Kitui na Machakos tupu. Mkubwa wetu ni Susu Ndululu. Susu ndio nyanya kwa Kikamba, lakini huyu ni nyanya wa kila mtu, hata landlord anamwogopa. Siku niliyoenda kuomba kazi hakuniuliza kitu. Aliuliza jina, nikasema Kamene, akanitupia uzi. "Keti."

Utauliza kama ni ngumu. Ah, mami, ni damu. Vidole vinakumbuka vyenyewe. Unakaa tu, unafikiria mambo yako, ukiangalia chini kiondo kimeota.

Sisal mbichi inanuka kama nyasi iliyolala na mvua.

Wewe vumilia. Ndoto ya ukuta ni nzuri, usimwambie mtu asiyekupenda. Mpe Akisa busu pale shingoni penye mafuta.

Kamene


Kibera
Ijumaa, 21 Februari 2025

Kamene wee!

Soma ukiwa umekaa. Nimepata kazi. Si ya kufua leo kisha kesho ungoje. Kazi ya kila siku!

Kuna mama anaitwa Phanice, ana hoteli ya mabati nyuma ya Toi, pale wauza mitumba wanakula mchana. Mama mkubwa, miaka hamsini hivi, mikono kama ya mwanamieleka, na hapendi maneno mengi. Alikuja ukutani kwa miguu, na leso ya jikoni begani. Akaniita mimi. Wanawake wote wale, Kamene, na mimi ndiye nilisimama.

Ile ndoto! Mvuke ni ule ule. Ugali wa pale unasongwa kwa sufuria ambayo Akisa anaweza kuogelea, na mwiko ni mrefu kama kasia. Nikiinama juu yake uso unalowa, na huko nje naona watu kama wako chini ya maji, wanauza mashati, wanapiga kelele, lakini kelele inanifikia ikiwa imelainika. Akisa amefungwa mgongoni, analala kwa joto hilo mpaka anatoa jasho ndogo kwa pua.

Phanice alionja kwanza akiwa amekunja uso. Akameza. Akasema, "Hmm." Yule anayeosha vyombo akaniambia, "Hiyo 'hmm' mimi naitafuta mwaka wa tatu."

Sasa nalala nikijua kesho niko wapi. Hujui vile hiyo ni kitu, ama unajua. Nawaza Akisa akienda nasari na sweta ya rangi moja na wenzake.

Nimeitwa, jikoni kuna haraka.

Wako,
Lenah

Nisamehe, nimeandika vile wananiita huku. Ni jina langu la ubatizo. Amoit.


Kawangware 46
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mama Akisa,

Nimepiga kigelegele mpaka jirani akatoka na mwiko, akidhani ni harusi. Mungu ni mkubwa!

Lakini nina swali, na Baba Mbithi ananiambia niache umbea. Ile miaka yote tumekaa pale, wewe hata kanisani hukuwa Lenah. Na huyo Phanice wako, alipokuja ukutani alisemaje hasa? Alisema anataka Mteso? Kama ndio, nataka kujua alivaa nguo gani na mlinzi alijibu nini, nataka yote.

Susu Ndululu anakusalimia. Anasema vidole vyangu viko na "mwendo wao wa peke yao." Naona ni sifa.

Kamene


Kibera
Jumapili, 16 Machi 2025

Kamene,

Nimechelewa kukujibu na unajua kwa nini. Wabwire amekuwa akiniuliza kila asubuhi, "Hakuna barua?" mpaka nikaanza kujificha nyuma ya viazi.

Hakusema Mteso. Alisimama geti la pili akasema, "Nataka Mluhya. Anayejua kusonga ugali wa watu wenye njaa." Siku hiyo wale wa geti la pili wengi walikuwa wameshaingia kufua, waliobaki walikuwa wazee wanaougua mgongo. Mimi sikufikiri. Miguu yangu ilisimama. Nikasema, "Mulembe," salamu yao, nikaenda.

Nilisoma Malakisi, unakumbuka nilikuambia. Pale Wabukusu, hao Waluhya wa akina Phanice, na sisi tumechanganyika kama mahindi na maharagwe, Kibukusu nilikijua uwanjani kabla sijajua kusoma. Kwa hivyo akiongea nilijibu. Ugali ni ugali. Nikajiambia huu si uongo, hii ni njia ya mkato.

Lakini siku ya kwanza, tukichambua mboga, akaniuliza ukoo. Kwao hilo swali liko mbele ya yote, wanauliza ukoo kama vile sisi tunauliza umeamkaje. Kichwa changu kikawa cheupe. Nikamkumbuka msichana tuliyekaa dawati moja Malakisi, akipenda kujisifu kwamba wao ni Bakhisa. Nikasema, "Bakhisa."

Phanice akaacha kisu. Akaniangalia, Kamene, kama mtu amesikia wimbo wa zamani kwa redio ya jirani. Mama yake mzazi alikuwa wa Bakhisa. Alifariki Phanice akiwa mdogo, hata sura haikumbuki vizuri, anakumbuka tu kitambaa cha kichwa cha njano. Na kwa desturi yao msichana yeyote wa ukoo wa mama yako, hata awe amezaliwa jana, huyo ni mama. Akafuta mikono kwa leso. Huyu mama wa miaka hamsini, ambaye wauza mitumba wakitaka chumvi wanaomba ruhusa kwanza, akaniinamia kidogo akasema, "Mayi." Yaani mama.

Tangu siku hiyo ananiita Mayi. Haniachi niinue sufuria kubwa. "Mayi, keti, wewe ni mama yangu." Yeye ananiinulia! Na kwa sababu Akisa ni mtoto wangu, basi Akisa ni dada yake. Mtoto wa miezi kumi. Asubuhi anamchukua, anamwambia, "Dada, umelala vipi? Hawa wateja wanatusumbua, dada." Akisa anamshika pua.

Ningekuambia ni vichekesho, lakini yeye hachezi. Jioni moja alinipa nyama ya kifuani kwa sahani ya peke yake, akakaa kunitazama nikila. Macho yake yalikuwa yanaangalia mbali kunipita, mpaka kwa hicho kitambaa cha njano.

Nikimwambia ukweli, narudi mwisho wa ukuta. Nisipomwambia, nakula nyama ya mama yake.

Amoit


Kawangware 46
Jumanne, 18 Machi 2025

Amoit,

Usiseme.

Nisikie vizuri mimi nikuambie kama dada. Hakuna mtu umeibia. Ugali unasonga ni wa kweli, sufuria unazoosha ni za kweli. Hii Nairobi kila kazi iko na kabila lake limekaa juu yake kama kuku, na wewe kabila lako halijapewa yai hata moja. Sasa ufanye nini, ukae pale mwisho mpaka Akisa akue akae kando yako?

Kama anataka mama, mpe mama. Wangapi wanapewa mama wa uongo na bado wanafurahi?

Choma hii barua. Nisikie tena ukisema utasema, nitapanda mpaka huko Toi nikuzibe mdomo na chapati.

Kamene


Kibera
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kamene mpenzi,

Sikuichoma. Nimeiweka chini ya godoro upande wa Akisa.

Mvua imeanza. Inapiga mabati usingizini mpaka naota nikiwa ndani ya ngoma. Hoteli inajaa matope na Phanice anaimba. Sikujua anaimba. Anaimba kwa sababu amepata simiti ya kutosha, Pasaka anaenda nyumbani kujengea kaburi la mama yake. Miaka yote lilikuwa udongo tu, na majani. Sasa litakuwa kaburi la mtu aliyezaa.

Na anataka twende pamoja.

Wajomba wake wote wameisha. Kwao, kaburi likifunguliwa kazi namna hiyo, anayetangulia kuongea na marehemu ni mtu wa ukoo wake. Anasimama upande wa kichwa, anamwambia, "Ni sisi, usishtuke, tumekuja kukutengenezea." Baada ya hapo ndio mafundi wanagusa. Phanice ameshika mkono wangu na mikono yake yote miwili ikiwa na unga. "Mayi, nilikuwa najiuliza nani atamwambia. Kumbe Mungu alikuwa anakuweka ukutani."

Ameninunulia kitambaa. Cha njano.

Jana nilimwota huyo mama. Alikuwa amekaa ukutani, pale pangu, amenyoosha miguu, na mvua ilikuwa haimgusi. Hakukasirika. Alisogea kidogo akanipa nafasi, kama vile wewe ulifanya ile siku yetu ya kwanza. Akaniuliza, "Wewe ni msichana wa nani?" Nikafungua mdomo. Ukatoka mvuke tu.

Kamene, aliye hai naweza kumpikia, nikamfulia, nikamfurahisha, labda ikalipa. Lakini nitasimamaje kichwani mwa mtu amelala, hawezi hata kuniona sura, nimwambie mimi ni wa kwao?

Kesho nitamwambia Phanice. Naandika hapa ili nisigeuke. Ukisoma hii nitakuwa nimeshasema.

Niombee. Hata uniombee kwa Kikamba.

Amoit


Kawangware 46
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mama Akisa,

Wiki imeisha sijasikia kitu. Wabwire anasema alikuona mara moja kwa mbali, unatembea na beseni.

Beseni, Amoit?

Nimekaa na hii kalamu mpaka Mbithi amelala. Nataka nikuambie kitu ndio ujue ni nani alikuwa anakuambia "usiseme."

Mimi sijui kusuka. Sijawahi kujua. Nimezaliwa Pumwani, mamangu aliuza samaki, Kitui nimeenda mara mbili, zote mazishi. Lakini jina ni Kamene. Siku ile Susu Ndululu alinitupia uzi nikaona aibu kusema. Mkamba gani hajui kiondo? Nikaketi. Nikawa naangalia wa kando yangu, nikisuka kama yeye, jioni nabaki nyuma kikundini nikisema ninamalizia. Vile vyondo vyangu vinapinda shingo kama kuku mgonjwa. Naviacha pale pale, asubuhi navikuta vimenyooka. Nilikuwa najiambia labda sisal inajinyoosha ikikauka. Sisal haijinyooshi, Amoit. Kuna mtu anafumua anasuka upya, na mimi naogopa kuuliza ni nani.

Ile ya "ni damu, vidole vinakumbuka," niliitunga kwa sababu wewe ulikuwa unataka kufikiria niko mahali pazuri.

Wewe walikukatalia kazi kwa jina, mimi wakanipa kazi kwa jina, na sisi wote tunaogopa kuulizwa. Sikuwa nakuzuia wewe kusema. Nilikuwa najizuia mimi.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Kamene


Kawangware 46
Jumatano, 23 Aprili 2025

Amoit,

Wabwire ameniambia hoteli imefungwa Pasaka yote na huonekani. Kama ni nauli, kuja kwa miguu, njoo ulale hapa. Mbithi atakupa nusu ya mto.

K.


Kibera
Jumapili, 27 Aprili 2025

Kamene dada yangu,

Nisamehe kunyamaza. Sikuwa na aibu na wewe, nilikuwa tu sina maneno, na karatasi ilikuwa inalowa kwa mvua.

Nilimwambia asubuhi, kabla wateja hawajaja, akiwa anasonga. Nilivua kile kitambaa cha njano nikakikunja, nikakiweka juu ya meza. Nikasema mimi si wa Bakhisa. Mimi si Mbukusu, wala Mluhya. Mimi ni Mteso wa Angurai, jina langu Amoit, na lile la ukoo nililichukua kwa dawati la shule.

Hakugeuka. Aliendelea kusonga. Akasonga, akasonga, mpaka ugali ukaanza kunuka. Phanice hajawahi kuunguza ugali. Yule wa vyombo alisimama mlangoni na sahani mkononi, hakuthubutu kuiweka.

Mwisho akasema, "Wiki zote hizi nilikuwa naita nani mama?"

Akasema, "Enda." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nilipomfunga Akisa mgongoni, Akisa akanyoosha mkono kwake kama kila asubuhi. Akaangalia pembeni.

Alisafiri peke yake. Mimi niko ukutani. Walionizoea geti la pili wamejua hadithi, sijui nani aliwaambia. Mmoja ananiita, "Wee Mluhya wa dawati!" Wanacheka, lakini jana huyo huyo alinigawia muhogo.

Na wewe na vyondo vyako! Nililia, halafu nikacheka mpaka nikamwamsha mtoto. Muulize Susu. Kama ni yeye anafumua, basi ameshajua, na kama ameshajua na bado anakuachia uzi, unaogopa nini?

Usinionee huruma sana. Jambo la ajabu ni kwamba nalala. Usiku wa kwanza sikuota chochote, ilikuwa tu giza safi, kama maji ya mtungi. Na nikikaa pale mwisho naona ukuta hauingii mawinguni tena. Unaishia kwa mti wa maua ya zambarau, maua yanaanguka kwa nywele za Akisa.

Bado nangoja. Sijui nangoja nini. Lakini moyo wangu umeamka mapema kama mtu ana safari.

Amoit


Kawangware 46
Jumatano, 30 Aprili 2025

Mama Akisa,

Nimemuuliza. Nilingoja wengine watoke. Nikasema, "Susu, mimi sijui kusuka." Hakuinua hata kichwa. "Nilijua ulivyoshika uzi," akasema, "uliushika kama mtu anashika mkia wa panya." Nikamuuliza mbona alikuwa akinifumulia badala ya kunifukuza. Akasema, "Ulisema unaitwa Kamene. Kamene alikuwa shangazi yangu. Naye alikuwa hajui kitu chochote."

Alicheka mpaka akatafuta mahali pa kushika. Sasa ninakaa kando yake, anapiga vidole vyangu na kijiti. Ni kazi ngumu, mami! Hakuna damu hapo, ni macho tu na mgongo.

Nakutumia hiki. Ni cha kwanza changu mwenyewe, hakuna mtu amefumua. Ndiyo, kimepinda. Weka nguo za Akisa.

Kamene


Kibera
Jumapili, 11 Mei 2025

Kamene wangu,

Keti tena.

Alhamisi nilikuwa pale pangu, Akisa ndani ya kiondo chako mpaka kiunoni. Anakipenda kwa sababu kimepinda, kinambembeleza. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, lami inafuka mvuke, kila mtu anaonekana kama anaelea. Nikaona mtu mkubwa anakuja kwa miguu kutoka Toi, leso ya jikoni begani. Nikajua mwendo kabla ya sura. Moyo ukaniambia inama. Sikuinama.

Alipita geti la kwanza, Muia akamsalimia. Akafika geti la pili. Wale wa kwao wakasimama wote na vigoda, "Mulembe, mulembe, Mama Phanice!" kwa maana walisikia hoteli imefunguliwa na anatafuta mtu. Akawajibu mmoja mmoja. Halafu akasema, "Lakini leo sitafuti nyinyi."

Akaja mpaka karibu na mimi, hatua chache tu. Alikuwa ananiona, Kamene. Angeweza kunigusa na mwiko. Lakini akasimama katikati ya barabara, akajaza kifua, akaita kama mtu anauza samaki:

"Natafuta Mteso!"

Ukuta wote ulinyamaza. Hata Wakisii.

Muia akatoka getini. "Mteso? Mteso wa nini?"

"Wa kupika."

"Kwani Wateso wanajua kupika?"

"Hamjui Wateso nyinyi?" Phanice akawageukia wote. "Hao ni watu hawawezi kudanganya wafu. Mpe jiko lako, lala usingizi."

Mimi nikataka kucheka na machozi yanashuka. Sisi hatuna hiyo sifa, Kamene. Sisi tunadanganya kama watu wengine wote. Lakini sasa imeshasemwa ukutani, na kitu kikisemwa ukutani kinakaa miaka. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ni kweli, hata mimi niliwahi kusikia."

Nikasimama. Akasema, kwa ulimi mzito, kama mtu anavuka mto kwa mawe, "Yoga."

Hiyo ni salamu yetu. Sijawahi kuisikia Nairobi kwa mdomo wa mtu asiye wetu. Nikaitika, "Yoga." Akaniambia aliifundishwa na jirani ya marehemu mama yake, bibi wa Kiteso aliyeolewa pale zamani. Aliifanyia mazoezi kwa basi njia nzima, abiria wa kando akahama kiti.

Akaniambia na ya kaburini. Hakukuwa na mtu wa Bakhisa. Alisimama mwenyewe upande wa kichwa. Akasema, "Mama, nilikuwa nije na mtu. Akakataa kukudanganya. Basi ni mimi tu, usishtuke." Halafu mafundi wakagusa.

"Bado nina hasira," akasema.

"Najua."

"Na sitakuita Mayi. Jina lako lote ni nani?"

"Amoit."

Akalirudia. Akalirudia tena, akivuta mwisho wake, akilipima kama chumvi. "Amoit. Jumamosi utapika chakula cha kwenu, huo ugali wa muhogo na wimbi mnaita atapa, na mchuzi wa njugu. Wakikataa kula tutakula sisi."

Jana nilipika. Wabwire alikula sahani mbili, akasema posta ina njaa.

Lakini ngoja nikumalizie ile ya ukutani. Nilipoinama kubeba kiondo, Phanice alikuwa ameshamtoa Akisa ndani yake. Amemwinua juu kabisa, kwa ile mikono yake, na Akisa ameshamkamata pua.

"Dada," akamwambia, "umelala vipi?"

Nikasema polepole, "Mama Phanice, lakini..."

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye ulinidanganya. Mtoto hakunidanganya. Huyu bado ni dada yangu."

Akatangulia mbele na mtoto begani, nikamfuata na kiondo kitupu, kupita Wakisii, kupita geti la pili, kupita Muia. Njia nzima nilikuwa nawaza. Kama Akisa ni dada yake, mimi sasa ni nani kwake? Sikumuuliza. Naye hakugeuka. Ila tulipofika jikoni na maji yalikuwa yamechemka, nikashika ile sufuria kubwa, akanisukuma kando kwa kiuno, akaiinua yeye.

Amoit